Mwacheni asome ndege na sheria

Mpwa wangu amemaliza kidato cha sita mwaka huu, tahasusi ya PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati. Jumapili moja tukiwa kwa dada, Kirumba hapa Mwanza, baada ya kula akasema mbele ya watu wazima wote kwamba anataka kusoma uhandisi wa anga na sheria. Vyote viwili. Shemeji, ambaye ni fundi wa boti na hana maneno mengi, akamwangalia mwanawe kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, mshika mbili moja humponyoka."

Sikumjibu shemeji pale. Kumpinga mtu kwake, mbele ya watoto wake, si adabu. Lakini maneno yale nimelala nayo na kuamka nayo, na mimi kama mwalimu wa fizikia nadhani tunamkosea binti huyu.

Tatizo letu linaanzia kwenye kombi, yaani hizo tahasusi. Mtoto akitoka kidato cha nne anawekwa upande wake: PCM aende uhandisi, HGL au HKL, za historia na lugha, aende sheria. Ana miaka 17, na tayari tumemwambia kwamba mwenye kikokotoo haimhusu ibara ya mkataba, na mwenye ibara hana haja ya kujua kwa nini bawa linanyanyua ndege. Tumeuzoea mpaka huo kiasi kwamba mtu akiuvuka tunamwona hajui anachotaka.

Kwingine hawashangai. Australia, kwa mfano, kusoma shahada mbili kwa pamoja ni jambo la kawaida, na uhandisi na sheria ni mojawapo ya jozi zinazotolewa. Uhandisi peke yake ni miaka 4 na sheria peke yake miaka 4, lakini ukizisoma pamoja unamaliza kwa miaka kama 6 hadi 7, kwa kuwa baadhi ya masomo yanahesabiwa pande zote mbili. Ni safari ndefu, sikatai.

Ila faida yake naiona hapa hapa kwetu, Ziwa Victoria. Tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi, ndege ya abiria aina ya ATR 42 iliyokuwa inakwenda kutua Bukoba ilianguka ziwani karibu na uwanja, hali ya hewa ikiwa mbaya. Walikuwemo watu 43. Walikufa 19. Wavuvi ndio waliowahi kufika na mitumbwi yao. Wiki zilizofuata, kila kijiwe nilichokaa hapa Mwanza niliyasikia maneno yale yale: tusubiri ripoti, itatuambia nani mwenye kosa.

Ripoti ya aina hiyo haiandikwi kwa kazi hiyo. Uchunguzi wa ajali za ndege unafuata Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa ndege, na kiambatisho hicho kinasema wazi kwamba lengo pekee ni kuzuia ajali nyingine, si kumtafuta wa kulaumiwa. Lawama na fidia zina njia yake, na njia hiyo ni ya sheria. Mfiwa anayeisubiri ripoti ili apate haki yake amekaa mlango usio wake, na hana wa kumwambia. Mwanasheria wa kawaida, hodari wa kesi za viwanja na mirathi, ukimwekea mezani taarifa za kisanduku cheusi kinachorekodi safari ya ndege, mwendo wa kushuka na tahadhari zilizolia ndani ya chumba cha rubani, atahitaji mtu wa kumtafsiria. Mhandisi naye atakueleza vizuri kabisa kilichotokea, lakini ukimuuliza una haki gani atanyamaza. Katikati yao pana nafasi, na mfiwa ndiye anayeanguka humo.

Au tazama Ukerewe. Mwaka 2018 kulifanyika majaribio ya kupeleka dawa kisiwani kwa droni, ndege ndogo isiyo na rubani ndani. Ilikuwa inapaa wima kama helikopta, kisha ikiwa juu inazigeuza rota zake na kuruka kama ndege ya mabawa. Ilivuka kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40, wakati njia ya nchi kavu ni kama kilomita 240 na saa 6. Wanafunzi wangu walishangilia sana habari ile, na mimi pia. Lakini waliuliza maswali ya fizikia tu. Hakuna aliyeuliza nani anaidhinisha chombo kuruka mbali na macho ya anayekiongoza, juu ya mitumbwi ya wavuvi wa dagaa, katika anga ambayo ndege za abiria nazo zinaitumia. Kikimwangukia mvuvi na kuchana nyavu zake, anamdai nani? Chombo kinaweza kuwa kizuri kuliko vyote na bado kikabaki ghalani kwa kukosa mtu wa kuyajibu hayo kwa ufasaha, mbele ya wahandisi na mbele ya wizara.

Wapo wanaoniambia habari za anga za mbali hazituhusu. Zinatuhusu tangu zamani. Mwaka 1970 setilaiti iliyopewa jina Uhuru, neno letu, ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi. Mwaka 1976 nchi kadhaa za ikweta, Kenya na Uganda zikiwemo, zilitia saini tamko huko Bogotá, Kolombia, zikidai haki juu ya njia ile iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, ambako setilaiti huonekana imesimama pale pale. Ikweta hiyo inapita juu ya ziwa letu. Hoja yao ilikuwa ya fizikia na sheria kwa pamoja: kwamba njia ile ipo kwa sababu ya mvutano wa dunia. Mataifa makubwa hayakuikubali.

Na mwishoni mwa mwaka 2024 pete ya chuma ya kilo kama 500 ilidondoka kutoka juu katika kijiji kimoja Makueni, Kenya. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unasema nchi iliyorusha chombo cha anga za juu inawajibika kwa madhara yake duniani bila mwathirika kuthibitisha uzembe. Kanada iliutumia baada ya setilaiti ya Kisovieti, Kosmos 954, kuangukia ardhi yake mwaka 1978. Ilidai dola za Kanada milioni 6 hivi na mwaka 1981 wakakubaliana milioni 3. Lakini kwanza lazima ujue chuma ni cha nani. Hilo anakuambia anayesoma madini yake, maungio yake na alama za moto. Kisha ndipo dai linaandikwa.

Nilimuuliza mpwa wangu kwa nini anataka haya yote, kwa sababu kama ni sifa tu ningemrudisha mwenyewe. Akanitajia bibi yake, yaani mama yangu, aliyefiwa na kaka yake MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996. "Mjomba," akasema, "bibi anasema aliuliza meli ilipindukaje, akaambiwa hayo ya kesi, nenda kwa wanasheria. Akaenda kuuliza haki ya marehemu, akaambiwa hayo ya kitaalamu, subiri wataalamu." Mama mpaka leo, akipita Igoma kwenye makaburi ya waliokufa na meli ile, hujiinamia bila kusema neno.

Ushauri wangu kwake ni aanze na uhandisi. Hesabu zikikaa bila kutumika hupoa haraka, ila sheria inampokea vizuri hata mtu aliyekwisha kukomaa kazini. Ufadhili wa nje ukipatikana, asome zote kwa pamoja. Usipopatikana, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Dar es Salaam wanafundisha uhandisi wa matengenezo ya ndege. Aanzie hapo, shahada ya sheria ifuate, na akitaka uwakili kuna mafunzo ya vitendo baada yake. Miaka itakwenda. Atakuwa bado kijana.

Jumapili hii narudi Kirumba na daftari la ada na miaka. Nitamuomba shemeji tutoke nje, anionyeshe boti anayoitengeneza, kisha nimuulize namba ya usajili inaandikwa upande gani na leseni yake inakatwaje. Yeye anayajua yote mawili, mbao na karatasi, na hakuna lililomponyoka.