Bei ya Maji Ilipwe na Nani?

Januari 1992, wataalamu waliokutana Dublin walitamka kwamba maji yana thamani ya kiuchumi na yahesabiwe hivyo katika matumizi yake yote. Julai 2010, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likatambua kuwa kupata maji safi na salama ya kunywa ni haki ya binadamu. Wanaobishana juu ya bei ya maji hupenda kuyataja matamko haya kana kwamba moja linalifuta lingine, ilhali kanuni ileile ya Dublin ilitanguliza haki ya kila mtu kupata maji safi kwa bei anayoimudu.

Wanaotetea bei husema kwamba mabomba huchakaa, mitambo ya kusafisha hula umeme na dawa, na mamlaka isiyokusanya mapato hushindwa hata kuziba mivujo. Hoja hii ina uzito kuliko wapinzani wake wanavyokiri, kwa sababu maji yanayotolewa karibu na bure huwanufaisha kwanza waliokwisha kuunganishiwa bomba. Maskini asiyefikiwa na mtandao huo hununua kwa mchuuzi, na mara nyingi kila lita humgharimu zaidi kuliko inavyomgharimu tajiri mwenye mita nyumbani.

Hata hivyo, kiu haipungui kwa kuwa bei imepanda. Huko Cochabamba, Bolivia, ankara zilipopandishwa ghafla mwaka 2000 baada ya huduma kukabidhiwa kampuni binafsi, wananchi waliandamana hadi mkataba ukavunjwa. Palipo na kimya, madhara huonekana kwingine: familia iliyokatiwa maji hurudi kwenye kisima kichafu, na gharama iliyokwepwa kwenye ankara huibukia hospitalini. Afrika Kusini ilijaribu njia ya kati kuanzia mwaka 2001 kwa kuweka lita 6,000 za bure kwa kila kaya kwa mwezi, kisha malipo kwa kinachozidi. Naiona njia hiyo kuwa ya haki kuliko nyingine, ingawa kaya yenye watu wengi humaliza kiwango hicho mapema.

Lakini ubishi huu wote unahusu bomba la nyumbani, na hapo ndipo ninapotofautiana na pande zote mbili. Takribani asilimia 70 ya maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, ambayo binadamu huyachota duniani huenda kwenye kilimo. Bahari ya Aral, ziwa la chumvi huko Asia ya Kati, haikukaushwa na watu waliosahau kufunga bomba. Mito ya Amu Darya na Syr Darya iliyoilisha ilielekezwa kwenye mashamba, hasa ya pamba, kwa kasi kubwa tangu miaka ya 1960. Maji yalipotoweka, upepo ulianza kupeperusha kutoka kwenye sakafu tupu vumbi lenye chumvi na mabaki ya viuatilifu, likawafikia watu ambao hawakuwahi kuulizwa kuhusu mpango huo.

Kwa hiyo, kabla ya kumwongezea ada mama anayejaza ndoo, inapasa mashamba makubwa na viwanda vilipie kiasi vinachochota na uchafu vinaoumwaga mtoni, na sehemu ya fedha hizo itengwe kisheria kwa ajili ya kulinda misitu na ardhioevu zinazohifadhi vyanzo. Wakulima wadogo walindwe katika hilo, kwani kuwatoza kama wenye mashamba makubwa kutapandisha bei ya chakula kwa maskini walewale tunaotaka kuwaokoa.