Patisheni za redio ya gari zisipangwe kwa akili ya kompyuta

Kubadilisha diski ya redio ya gari ni kazi ambayo upande wake wa bisibisi huisha mapema. Diski kongwe ya inchi 2.5 inatoka, mpya inaingia, nafasi inapanda kutoka GB 20 au 30 hadi mamia. Kisha inakuja ile hatua ambayo wengi huidharau: diski mpya inachomekwa kwenye kompyuta, programu ya patisheni (sehemu ambazo diski hugawanywa) inafunguliwa, na mtu anakubali kila inachopendekeza mpaka kitufe cha kufomati. Redio nyingi nzima zimetupwa kwa sababu ya hatua hiyo moja, na jambo hilo linaniuma. Hazikuwa na ubovu. Zilipewa diski ambayo haziwezi kuisoma.

Msimamo wangu ni kwamba redio ndiyo iamue kila kitu: ukubwa wa patisheni, sekta (kipande kidogo cha diski chenye namba yake) inapoanzia, mfumo wake wa faili (utaratibu wa kupanga faili ndani yake), hata namba yake kwenye jedwali linaloorodhesha patisheni. Kama kuifuata redio kunamaanisha nusu ya diski mpya ibaki tupu, na ibaki tupu.

Diski hii si ghala la nyimbo peke yake. Chukua empeg Car, kifaa cha Uingereza kilichoingia sokoni mwaka 1999 kikiendeshwa na mfumo endeshi wa Linux juu ya diski za kawaida za laptopu. Ndani yake kulikuwa na patisheni za mfumo wenyewe kando ya ile ya muziki. Redio za kiwandani zilizokuja baadaye ziliongeza patisheni za ramani na za hifadhidata ya majina ya nyimbo. Ukilifuta jedwali, vyote hivyo vimekwenda, na redio nyingi hazina njia ya kujisakinishia mfumo upya.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, diski kongwe inakiliwa sekta kwa sekta na kuwekwa kama faili moja la picha mahali salama. Ikiwa nzima, amri ya dd ya Linux inatosha. Ikiwa imeanza kukwama, tumia ddrescue, ambayo husoma kwanza maeneo yaliyo mazima, huandika kwenye faili la kumbukumbu ilipofikia, kisha hurudia sehemu mbovu. Unaweza kuisimamisha na kuiendeleza baadaye bila kuilazimisha diski inayokufa ianze safari upya.

Huenda kunakili kukashindikana kabisa. Kompyuta inaliona jina la diski na ukubwa wake, lakini kila sekta inakataa kusomwa. Watu husema diski imekufa. Mara nyingi imefungwa tu: kiwango cha ATA, kinachoongoza mawasiliano ya diski na kifaa chake, kina nywila inayotunzwa ndani ya diski yenyewe, na zipo redio zinazoitumia. Amri ya hdparm -I itakuonyesha hali hiyo kabla hujatupa kitu. Diski ya namna hiyo haifunguliwi na programu yoyote ya patisheni, kwa hiyo usiitese.

Tukishaiandika picha hiyo kwenye diski mpya, ndipo tuzungumzie kupanua. Hapa mpangilio wa hatua hauna mjadala. Unapopanua, patisheni hutangulia na mfumo wa faili hufuata. Unapopunguza, mfumo wa faili hupunguzwa kwanza, ndipo patisheni ifupishwe. Ukigeuza, unakata mkia wa data ambayo bado inatumika. Kama patisheni ya muziki ndiyo ya mwisho kwenye diski, kazi ni nyepesi: unabadilisha namba ya mwisho wake kwenye jedwali, unaendesha e2fsck -f kuukagua mfumo wa faili, kisha resize2fs kuupanua. Hakuna wimbo hata mmoja unaohama mahali pake.

Kama iko katikati, hali ni nyingine. Programu za kisasa zitakubali kwa furaha kuzisogeza patisheni zote zilizo mbele yake, na kazi hiyo ni kuhamisha kila baiti. Umeme ukikatika katikati, umebaki na mchanganyiko usiosomeka. Na hata ukifaulu, kianzishi cha redio huenda kinatafuta mfumo wake kwenye sekta maalumu ambayo sasa ina kitu kingine. Mimi nashauri patisheni ya namna hiyo iachwe ilivyo. Najua ni vigumu kuitazama nafasi yote ile ikikaa bure, ila redio inayocheza ina thamani kuliko nafasi.

Jambo dogo lakini linaua: namba na aina ya patisheni. Mfumo wa redio huomba patisheni ya nne, tuseme, bila kujali ina jina gani. Ukifuta moja na kuiunda upya, programu inaweza kuipa namba nyingine. Vivyo hivyo na baiti moja inayotaja aina: 83 kwa Linux, 0B au 0C kwa FAT32, mfumo wa faili wa zamani wa Windows. Andika thamani za zamani kwenye karatasi na uzirudishe zilivyokuwa. Jedwali lenyewe liwe la aina ya MBR kama la zamani. GPT, aina mpya zaidi, ni zuri, lakini redio nyingi za umri huu hazijawahi kulisikia.

Sasa mpaka ambao ningependa kila mwenye redio ya zamani aujue kwa moyo. Diski za ATA za awali zilihesabu sekta kwa namba ya biti 28. Hiyo ni sekta 268,435,456 za baiti 512, yaani takribani GB 137. Kuhesabu kwa biti 48 kuliingia rasmi na ATA-6 mwaka 2002, na redio iliyotengenezwa kabla ya hapo, au iliyoandikwa na watu wasiojali, inaweza kubaki kwenye biti 28. Ukiipa diski ya GB 500, bora zaidi inaweza kufanya ni kuona GB 137 na kunyamaza. Baya zaidi ni kwamba patisheni imeandikwa kuwa ya GB 500, redio inaiamini, na siku muziki unapovuka ule mpaka, hesabu inazunguka na kurudi mwanzo wa diski. Maandishi yanaangukia juu ya jedwali la patisheni na mfumo wa redio. Mpaka siku hiyo kila kitu kilikuwa kinafanya kazi, ndiyo maana mtu hulaumu diski, au joto, au waya, na kununua diski nyingine inayokuja kufa kwa namna ileile. Dawa yake ni ya bure: patisheni ya mwisho iishie kabla ya sekta hiyo, na kinachobaki kisipewe mtu. Mtu anayekuambia huko ni kupoteza nafasi hajawahi kuona diski ikijila yenyewe.

Kwenye kufomati, chaguo-msingi za leo ndizo hatari. Amri za sasa za kufomati ext, mifumo ya faili ya Linux, hutengeneza ainodi (rekodi za taarifa za kila faili) za baiti 256 na huwasha vipengele ambavyo kerneli (kiini cha mfumo endeshi) kongwe haivifahamu, na kerneli isiyofahamu hukataa kufungua patisheni. Omba ext2 waziwazi, na ainodi za baiti 128. Pia hutengenezwa ainodi moja kwa kila KB 16, hesabu inayofaa diski yenye mamilioni ya faili ndogo. Faili ya wimbo ni MB kadhaa. Ukitumia -T largefile unapata ainodi moja kwa kila MB 1, na faida yake haiishii kwenye nafasi: ukaguzi wa mfumo wa faili hula RAM kulingana na wingi wa ainodi na bloku. empeg ilitoka kiwandani na RAM isiyozidi MB 16. Ikiwashwa baada ya umeme kukatika ghafla, ikaanza kukagua patisheni kubwa iliyojaa ainodi zisizo na kazi, itaishiwa kumbukumbu kabla ya kumaliza. Na ile asilimia 5 inayotengwa kwa ajili ya msimamizi, ambayo kwenye GB 500 ni GB 25, haina maana yoyote kwenye patisheni ya muziki. Iondoe kwa -m 0.

Kwa upande wa FAT32, kwa miaka mingi Windows imekuwa ikikataa kuifomati patisheni inayozidi GB 32 kwa mfumo huo na kumsukuma mtu kwenye NTFS au exFAT. Mfumo wenyewe hauna kikomo hicho. Kikomo ni cha programu. Tumia mkfs.fat kwenye Linux. Na kama menyu ya redio ina kipengele cha kufomati, achana na yote haya, iache ifomati yenyewe.

Kuna wanaosisitiza patisheni zianzie sekta ya 2048 ili zilingane na sekta halisi za baiti 4096 za diski mpya, badala ya sekta ya 63 ya kizamani. Kwenye kompyuta wana haki kabisa. Kwenye redio, kama ya zamani ilianzia 63, ibakie hapo. Kinachopungua ni kasi ya kuandika, na redio kazi yake ni kusoma: MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde inahitaji KB 40 tu kwa sekunde.

Joto nalo lisisahaulike wakati wa kuchagua. Diski za kawaida za laptopu huidhinishwa kufanya kazi hadi nyuzi 55 au 60 za Selsiasi, ilhali zilizotengenezwa kwa ajili ya magari huenda hadi 85.

Kabla ya kurudisha dashibodi, ijaze patisheni ya muziki mpaka ukingoni kwa kutumia redio yenyewe kama inaruhusu, icheze nyimbo zilizoingia mwisho, izime na kuiwasha, kisha itoe diski na ulinganishe sekta za mwanzo na zile za faili la picha. Zikiwa sawa isipokuwa ingizo la jedwali ulilolibadilisha mwenyewe, funga skrubu.