Sayansi ya Jumamosi: povu lina kazi gani?

Jumamosi asubuhi, katika kumbi za makanisa na viwanja vya shule jijini Nairobi, si ajabu kuwakuta skauti wa rika la Sungura, wale wadogo kabisa, wameizunguka chupa. Siki imemiminwa juu ya magadi, povu linafoka, watoto wanashangilia, na kiongozi anapiga picha za kuwatumia wazazi kwa WhatsApp. Wamejifunza nini hasa?

Wanaotetea shughuli hizi wana hoja. Darasa likijaa, mwalimu hufanya jaribio moja mbele na wa nyuma wakaambulia visogo vya wenzao. Kikundini hakuna mtihani, kwa hiyo mtoto anaweza kukosea bila kuogopa alama. Mtaala wa umilisi wa Kenya (CBC) ulioanza 2019 uliahidi kazi za mikono, lakini muulize mzazi yeyote: mara nyingi ahadi hiyo humfikia saa tatu usiku, manila na gundi vinatafutwa dukani, na kazi inamalizwa na mama.

Wanaotilia shaka nao hawalalamikii fujo tu. Mwaka 2004, David Klahr na Milena Nigam walichapisha utafiti uliofanywa Marekani kwa watoto wa darasa la tatu na la nne, waliokuwa wakiviringisha mipira kwenye mbao zilizoinamishwa. Kundi moja liliachwa ligundue lenyewe namna ya kupima. Jingine lilionyeshwa kwa mifano kwa nini ubadilishe kitu kimoja tu na vingine uviache vilivyo. Katika kundi lililofundishwa, zaidi ya robo tatu waliweza kupanga majaribio ya haki. Katika lile lililoachwa, hawakufika robo.

Utafiti huo hupenda kutumiwa kama rungu la kuwapigia wapenda vitendo. Lakini makundi yote mawili yalishika mipira na mbao! Kilichoyatenganisha ni mtu mzima aliyeeleza. Kwa hiyo sioni haja ya kubishana kama watoto washike vitu au wasishike. Shida ya lile povu ni kwamba halina swali. Wape watoto magari yao ya waya na ubao wa kuteremshia, waulize ni lipi litafika mbali, kisha mkatalie anayetaka kubadilisha magurudumu na mwinamo kwa mpigo. Hapo sayansi imeanza, na hakuna aliyenunua chochote.

Nairobi yenyewe ina maswali ambayo hayamo katika miongozo iliyoandikiwa watoto wa Ulaya. Huko kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini mwaka mzima. Hapa, kusini kidogo ya ikweta, mwezi Juni huelekea kusini, Desemba kaskazini, na katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba kijiti kilichosimama wima karibu kikose kivuli. Wala si saa sita kamili. Ni karibu saa sita na nusu, kwa kuwa saa zetu zinafuata longitudo iliyo mashariki ya jiji. Au chemsha maji. Kitabu kinasema nyuzi 100, kipimajoto kitagoma karibu na 94, kwa sababu tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na kanieneo la hewa ni dogo. Kiongozi ndiye ashike sufuria, watoto wasome namba. Mtoto aliyeona hivyo ana haki ya kuuliza kama maharagwe ya Mombasa huiva upesi kuliko ya kwao. (Ndiyo, huiva.)

Kivuli, hata hivyo, kinahitaji mwaka, na povu linahitaji dakika tano. Watoto huhama mtaa, viongozi wa kujitolea hupata kazi wakaondoka, na kikundi kisicho na kishindo hupoteza wanachama. Wanaotetea povu wananishinda hapo: bila kishindo cha kwanza, huenda hakuna atakayerudi kupima kivuli. Ningelibakiza kwa siku ya kuwapokea wageni. Jumamosi inayofuata kiongozi alete siki ileile, apime magadi kijiko kimoja, viwili, vitatu, na kabla hajamimina kila mtoto aandike anachotarajia. Kiongozi huyo hahitaji shahada. Anahitaji kuwa amelijaribu jambo hilo nyumbani Ijumaa, na kuweza kusema "sijui, tupime" mbele ya watoto 30 bila kuona haya.