Supu Baada ya Mchakamchaka

Jumamosi alfajiri mtaa wetu, huku Temeke, huamshwa na filimbi. Ni klabu yetu ya jogingi: watu kama sitini, fulana za rangi moja, spika imefungwa juu ya bajaji, na nyimbo zile zile tulizoimba shuleni tukipiga mchakamchaka. Mimi huwa nyuma kabisa, pamoja na wenzangu wa presha. Tukishamaliza mzunguko tunajazana kwenye mabenchi ya mama lishe aliye karibu na uwanja. Supu ya ng'ombe, mafuta yanaelea juu, chapati mbili, soda ya baridi ya kushushia. Jasho lote la asubuhi tunalirudisha, na chenji juu.

Klabu yetu naipenda, siibezi. Ila kila nikitazama lile benchi naona jinsi nchi zetu za Afrika Mashariki zinavyopambana na kisukari na presha. Asubuhi tunakimbia, kisha tunakunywa supu, na kila nchi inakimbia peke yake. Ndiyo maana najiuliza: nchi hizi ziungane katika mtandao mmoja wa lishe na mazoezi, na kama ni hivyo, kwa lipi hasa?

Kwa kukimbia, hatuna upungufu. Tanzania, mwaka 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa kazi hiyo. Zanzibar wao huufungua mwaka kwa mazoezi, Januari 1. Uganda nayo ilianzisha siku yake ya kitaifa mwaka 2018. Wanaonivutia zaidi ni Kigali. Tangu 2016 wanafunga baadhi ya barabara kubwa Jumapili asubuhi, mwanzoni mara moja kwa mwezi, baadaye mara mbili, ili watu watembee, wakimbie, waendeshe baiskeli. Pembeni wahudumu wa afya hupima presha na sukari bila malipo. Hicho ndicho kipande ninachokionea wivu. Mtu ametoka kujifurahisha na watoto wake, anarudi nyumbani anajua presha yake ni ngapi.

(Wapo pia walioona mazoezi yanaweza kugeuka siasa. Machi 2014 serikali ya Burundi ilipiga marufuku kukimbia kwa makundi mitaani, ikihofia kwamba wapinzani wanajikusanya kwa kisingizio cha jogingi. Tukitaka kuungana, basi fulana zetu zisiwe na rangi ya chama chochote.)

Lakini kwa mazoezi peke yake sioni haja kubwa ya nchi kuungana. Manispaa yoyote inaweza kufunga barabara yake bila kuomba ruhusa Nairobi wala Kampala. Inaweza pia kuwaachia waenda kwa miguu njia yao, ambayo kwetu imekuwa maegesho ya bodaboda na meza za chinga. Na tusimhubirie mazoezi kila mtu. Mwambie mama aliyetoka kulima na kurudi na ndoo kichwani kwamba anahitaji dakika 150 za mazoezi kwa wiki, kama linavyoshauri Shirika la Afya Duniani, uone atakavyokutazama. Tunaozihitaji ni sisi wa kukaa kitini kutwa, tunaopanda bodaboda hadi kwenye duka la pili.

Pale tusipoweza kwenda peke yetu ni kwenye chakula, kwa sababu chakula kinavuka mpaka. Umoja wa forodha tunao tangu 2005, soko la pamoja tangu 2010. Biskuti iliyookwa Kenya inapita mpakani Namanga, kesho yake iko kwenye duka la Mangi hapa mtaani, na za kwetu zinakwenda kwao. Waziri wa fedha wa nchi moja akifikiria kubana sukari kwenye vinywaji, kelele za kwanza atakazosikia ni kwamba kiwanda kitahamia kwa jirani kisha kituuzie soda ile ile. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Jibu lake ni majirani wote wabane siku moja.

Na si kwamba tunaanza na ukurasa mtupu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina viwango vya pamoja vya unga wa mahindi na wa ngano ulioongezwa virutubishi, na vya mafuta ya kula pia. Maana yake wataalamu wa mashirika ya viwango, TBS la Tanzania, KEBS la Kenya, UNBS la Uganda na wenzao, walishakaa meza moja wakakubaliana nini kiongezwe kwenye unga. Sasa wakae tena wakubaliane nini kipunguzwe. Soda ya mililita 350 inaweza kuwa na sukari ya vijiko vinane au tisa vya chai. Hakuna anayeweza kukaa akamwaga vijiko tisa kwenye kikombe kimoja huku mkewe anamtazama. Afrika Kusini tangu 2018 wanatoza kodi kwa gramu ya sukari: inayozidi gramu 4 katika kila mililita 100 inalipiwa. Ushuru wetu hapa unahesabu lita, kwa hiyo kiwanda hakipati faida yoyote kwa kupunguza sukari. Chile nao, mwaka 2016, walianza kubandika alama nyeusi ya pembe nane mbele ya pakiti yenye sukari, chumvi au mafuta kupita kiasi. Mtoto anaiona kabla hajajua kusoma. Alama kama hiyo, moja, kwa Kiswahili, ingeeleweka kuanzia Mombasa hadi Bukavu.

Nani awe ndani ya mtandao huo? Niliwahi kualikwa kwenye warsha ya lishe hotelini. Wazungumzaji wazuri, takwimu za kutisha. Mapumziko ya chai yakafika: sambusa, soseji, keki, na soda za kila rangi. Nikala, sitadanganya. Madaktari walikuwepo, wafadhili walikuwepo, watu wa wizara walikuwepo. Mama lishe hakuwepo hata mmoja, na yeye ndiye anayeamua leo mimi na mafundi wa gereji tutakula chumvi kiasi gani. Hakuwepo anayeuza barafu na kashata kwenye geti la shule, wala dereva wa lori anayekula barabarani siku tano kwa wiki kutoka Dar hadi Kigali. Mimi ningewapa hao viti vya mbele, kisha ndipo niwaite maprofesa.

Klabu yetu imejaribu kidogo. Mwezi uliopita tulimwomba mama wa supu aengue mafuta ya juu, apike bila chumvi nyingi, na atuwekee mihogo ya kuchemsha na mchunga pembeni. Alicheka sana. "Nyie ndio mlionizoesha," akasema. Jumamosi iliyofuata mihogo ilikuwepo na iliisha kabla ya chapati. Supu ilikuwa nyepesi, haina chumvi.

"Chumvi iko mezani, baba," akaniambia. "Jipimie mwenyewe."

Nikalivuta kopo karibu.