Waranti ikiisha, injini iliyokufa ni mzigo wa nani?

Kampuni ya magari haiandiki "miaka 5 au maili 60,000" kwa sababu injini ilipimwa ikaonekana itafia hapo. Ni namba ya biashara: gharama ambayo kampuni imekubali kuibeba na kuiingiza kwenye bei ya gari. Ndiyo maana ugomvi mkali wa mwenye gari na wakala hutokea maili 63,000, si 160,000. Injini ikinoki baada ya maili 160,000 mwenye gari atasikitika na kumtafuta fundi. Ikinoki kwenye 63,000 anajiona ameibiwa, na wakala naye anaona anadaiwa kitu ambacho hakukiuza.

Kesi inayofaa kuipima hoja hiyo ni ya injini za Theta II za Hyundai na Kia, za lita 2.0 na 2.4, zilizouzwa kwa wingi Marekani kuanzia modeli za 2011 katika Sonata, Optima, Sorento na ndugu zake. Chenga za chuma zilizobaki ndani ya krenki wakati wa kuichonga ziliziba njia ya oili, beringi za mikono ya pistoni zikalika, injini ikaanza kugonga, kisha ikajifunga, wakati mwingine gari likiwa barabara kuu. Septemba 2015 Hyundai iliita magari takriban 470,000 yarudishwe kurekebishwa bure. Mwaka 2017 kampuni hizo mbili ziliita mengine yapata milioni 1.2.

Kati ya tarehe hizo kulikuwa na watu waliofika kwa wakala injini ikiwa imekufa, gari likiwa nje ya orodha ya yaliyoitwa, waranti ikiwa imekwisha. Na waranti yenyewe ilikuwa na ngazi. Mnunuzi wa kwanza wa Hyundai Marekani hupewa miaka 10 au maili 100,000 kwa injini na gia, lakini aliyenunua kwa mtu hubaki na miaka 5 au maili 60,000. Chukua mhamiaji wa Ohio au Texas aliyenunua Sonata iliyokwishatumika kwa sababu ndiyo aliyoimudu: injini ile ile, kasoro ile ile, lakini kwenye maili 70,000 yeye anaambiwa alipe dola elfu kadhaa huku jirani aliyenunua jipya akibadilishiwa bure.

Tumsikilize wakala kwanza, kwa sababu mara nyingi hasikilizwi. Yeye si kiwanda. Marekani majimbo mengi huzuia makampuni yenye mawakala kuuza magari moja kwa moja kwa wateja, kwa hiyo duka lenye nembo kubwa mlangoni ni mali ya mfanyabiashara mwingine kabisa. Hakuchonga krenki, na injini akikupa bure bila idhini ya kampuni, gharama inatoka mfukoni mwake. Akipewa idhini, kiwanda humlipa kwa saa kilizozipanga chenyewe, ambazo mara nyingi ni chache kuliko anazomtoza mteja. Tena ameona mengi: oili iliyogeuka lami, mtu aliyeongeza oili mwaka mzima bila kubadilisha hata chujio, mtu aliyeendesha gari huku taa nyekundu ya presha ya oili ikimkodolea macho. Injini iliyokufa kwa uzembe na iliyokufa kwa kasoro ya kiwandani hutoa mlio mmoja. Kila anayelia akilipiwa, gharama itarudi kwenye bei ya magari mapya, na aliyefanya sevisi kwa wakati atamlipia asiyefanya.

Hoja hiyo ni nzito, ila inasimama pale tu chanzo cha uharibifu kinapokuwa hakijulikani. Kwenye Theta II kulikuwa na watu wanaojua. Mwaka 2016 Kim Gwang-ho, mhandisi aliyeitumikia Hyundai zaidi ya miaka 20, alipeleka nyaraka za kampuni kwa NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, akidai kampuni haishughulikii kasoro ile inavyopaswa. Alifukuzwa kazi. Novemba 2020 Hyundai na Kia zilikubali adhabu yenye thamani ya jumla ya dola milioni 210 kuhusu namna zilivyochelewa kuyaita magari. Mwaka uliofuata NHTSA ilimzawadia Kim zaidi ya dola milioni 24. Na mwaka 2019 kampuni zilikuwa zimeshakubali, katika mapatano ya kesi ya wateja, kutoa waranti ya maisha kwa injini hizo dhidi ya kufa kwa beringi, hata kwa mnunuzi wa pili, mradi gari liwe limewekewa programu ya kutambua mapema dalili za injini kuanza kugonga.

Kwa hiyo kilichoitwa hisani mwaka 2016, yaani kampuni kulipia kwa hiari yake baada ya waranti kuisha, kiligeuka haki miaka mitatu baadaye. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema mkataba ni mkataba. Odometa hupima umri wa gari, haipimi kosa la aliyelitengeneza. Kasoro iliyozaliwa na injini ilikuwamo tangu kilomita ya kwanza. Ilichelewa kujitokeza tu.

Hata hivyo siwaungi mkono wanaotaka wakala alipie kila injini ya kampuni fulani eti kwa sababu jina la kampuni limechafuka. Injini moja kufa si ushahidi wa kasoro ya ukoo. Mstari wa haki, kwa maoni yangu, uchorwe pale kampuni inapokuwa imeshatoa waraka wa kiufundi kwa mafundi wake kuhusu tatizo hilo hilo, kwenye injini hiyo hiyo. Ukishaandika waraka, umekiri unajua. Marekani nyaraka hizo huwekwa wazi na NHTSA, na mwenye gari anayefika kwa wakala akiwa na nakala huzungumzwa naye kwa sauti nyingine.

Ulaya nako Stellantis, kampuni mama ya Peugeot na Citroën, ilifika karibu na mstari huo. Injini zake za PureTech za lita 1.2 zilikuwa na mkanda unaozunguka ndani ya oili. Mkanda ulimomonyoka na vipande vyake vikaziba njia ya oili. Mwaka 2024 kampuni ilirefusha dhamana hadi miaka 10 au kilomita 175,000, kwa sharti kwamba gari lilifanyiwa sevisi kama kitabu kinavyosema. Sharti hilo linakera, lakini si la kipuuzi. Oili ikikaa muda mrefu mno huula mkanda huo haraka zaidi.

Kinachonisumbua ni jinsi hisani inavyogawiwa. Sheria ya Marekani ya 1975, Magnuson-Moss, inamkataza mtengenezaji kufuta waranti kwa sababu tu ulifanya sevisi kwa fundi wa nje. Ila waranti ikishaisha, sheria hiyo haina pa kushika. Hapo kampuni iko huru kuuliza: gari lilinunuliwa hapa? Sevisi ulifanya hapa? Una magari mangapi yetu? Anayejibu vizuri hulipiwa hata asilimia 100, na fundi wa mtaani akiwa ameigusa injini, hupati kitu. Kumbukumbu za sevisi ni ushahidi halali kabisa. Uaminifu kwa duka si ushahidi wa chochote.

Kwetu mjadala huu hugusa wachache. Kenya huingiza mitumba isiyozidi miaka minane, Tanzania nayo imejaa magari ya Japani, na waranti ya kiwanda haivuki bahari na gari la mtumba. Yadi ikikupa "waranti ya injini na gia" ya miezi michache, mwenye deni ni yadi peke yake, na kama ahadi ni ya mdomo huna pa kuanzia. Wengi huishia kununua injini ya Japani iliyotumika, na Kenya unatakiwa pia kurekebisha namba ya injini kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya nchi hiyo, jambo ambalo baadhi ya mafundi husahau kwa makusudi.

Aliyenunua gari jipya kwa wakala, awe Nairobi au Columbus ya Ohio, ana nafasi ya kujaribu. Asiruhusu injini ifunguliwe kabla ya kukubaliana kwa maandishi nani atalipa saa za kuifungua, kwa sababu wakala akisema baadaye "si kasoro", bili hiyo ni ya mteja. Akikataliwa dukani, aombe kukataliwa huko kwa maandishi kisha aipigie kampuni yenyewe na kupewa namba ya shauri. Mwenye mamlaka ni mwakilishi wa kampuni wa eneo, si kijana wa kaunta. Ombi la kugawana hupita kirahisi kuliko la kulipiwa yote: kampuni itoe vipuri, mteja alipe kazi. Na karatasi ya makubaliano ikiletwa, asome mambo mawili kabla ya kusaini: injini itakayowekwa ina waranti yake ya muda gani, na kama saini hiyo inamwondolea haki ya kudai fedha zake siku magari ya aina hiyo yatakapoitwa.