Kabla ya Kununua Mmea Unaokula Wadudu, Pima Maji Yako

Watu wengi wanaoniuliza namna ya kutunza mimea inayokula wadudu huanza na chakula: itakula nini, na nani ataikamatia nzi. Kwa maoni yangu, swali hilo lilipaswa kuwa la mwisho. Mmea uliowekwa barazani hujipatia wadudu wenyewe, na hata ukikaa wiki nyingi bila kunasa kitu hautakufa kwa njaa, ilhali ule unaomwagiliwa maji ya kisima chenye chumvi, kama visima vingi vya Dar es Salaam, huanza kudhoofika mizizi muda mfupi baada ya kufika nyumbani. Swali la kwanza ni la maji.

Sababu yake iko katika makazi ya asili ya mimea hii. Mingi hutokea kwenye ardhi iliyolowa, yenye tindikali, isiyo na naitrojeni wala fosforasi ya kutosha, na kwa kuwa mizizi haikuwa na cha kufyonza huko chini, majani ndiyo yaliyochukua kazi ya kutafuta lishe kutoka kwenye miili ya wadudu. Mizizi ya namna hiyo haivumilii madini mengi. Sisi tumezoea kuonyesha mapenzi kwa mimea yetu kwa kuilisha samadi, mboji na mbolea ya dukani, na mwenye mkono mzuri wa kuotesha mchicha au waridi ndiye anayeweza kuiua mimea hii upesi kuliko mtu mvivu.

Kuchemsha maji hakusaidii. Kuchemsha huua vijidudu, lakini chumvi hubaki sufuriani, tena katika maji machache zaidi kuliko yale ya mwanzo. Maji ya chupa pia si salama kwa kazi hii, kwa kuwa mengi huwa na madini, mengine yakiwa yameongezwa kwa makusudi. Wakazi wa maeneo yanayozunguka Mlima Meru wanajua habari ya floridi katika maji yao, na wasitegemee kwamba mmea utavumilia kile ambacho meno ya watoto wao hayakuvumilia. Dawa ni maji ya mvua: acha mvua ya mwanzo ioshe vumbi na kinyesi cha ndege juu ya mabati, kisha kinga inayofuata kwenye madumu au pipa lenye mfuniko, ili masika ikuvushe hadi vuli. Asiye na nafasi ya kuhifadhi anaweza kutumia maji yaliyochujwa kwa mtambo wa kuondoa chumvi, mradi ayapime kwanza. Vipimo vidogo vinavyotumiwa na wauza maji vinatosha, na mimi sipendi kuzidisha miligramu 50 za madini kwa lita.

Udongo nao ufuate hesabu hiyo hiyo. Pitimosi, yaani mabaki ya mimea ya kinamasi yaliyokaushwa, isiyotiwa mbolea, ikichanganywa na perlaiti, yaani punje nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano, ndiyo njia ya uhakika. Wengine hutumia kokopiti, yaani nyuzi na unga wa makumbi ya nazi, ambayo ni rahisi kupatikana, lakini lazima ilowekwe na kusuuzwa mara nyingi kwa maji safi kwa sababu mara nyingi huja na chumvi. Mchanga wa baharini usikaribie kabisa. Chombo kiwe cha plastiki, kwa kuwa chungu cha udongo kisichopakwa rangi ya kung'aa hukusanya madini kisha huyarudisha kwenye mizizi.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolishikilia zaidi, nalo ni uchaguzi wa mmea. Karibu kila mtu anautaka Dionaea muscipula, ule ambao majani yake hufyatuka kama mtego wa panya. Ninaelewa kwa nini. Ndani ya kila upande wa jani kuna vinyweleo, kwa kawaida vitatu. Kikiguswa kimoja mara moja hakuna kinachotokea, lakini mguso wa pili ukifuata ndani ya sekunde 20 hivi, jani hufunga katika sehemu ndogo ya sekunde. Mmea unaohesabu miguso ili usifunge bure kwa sababu ya tone la mvua unastahili kuheshimiwa. Kwa hiyo naomba wageni wasiuchokoe kwa kijiti, maana kila mtego una uwezo wa kufunga mara chache tu kabla haujakauka, na kipande cha nyama kinachotumbukizwa humo huoza na kuliozesha jani zima.

Hata hivyo, siupendekezi kwa mtu wa pwani. Porini mmea huu hukua katika eneo dogo tu la North Carolina na South Carolina nchini Marekani, kuzunguka mji wa Wilmington, ambako kuna majira ya baridi yanayoulaza kwa miezi mitatu au minne. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa hazina baridi ya namna hiyo hata mwezi wa Julai, na mmea usiopata usingizi wake huchoka mwaka hadi mwaka. Wapo wanaouhifadhi kwenye jokofu kwa miezi hiyo. Inawezekana, lakini umeme ukikatikakatika ukungu huingia, nami sioni haja ya kumtesa kiumbe kwa ajili ya umaarufu wake. Wa Njombe au Makete, ambako usiku wa Juni na Julai ni baridi ya kweli, wana nafasi nzuri zaidi kuliko sisi.

Joto letu na unyevu wetu, ambavyo wakulima wa Ulaya huvigharamia kwa vibanda vya kioo na hita, ni mali kwa jamii ya Nepenthes za nyanda za chini. Hizi huning'iniza vikombe vyenye vifuniko, na mdudu anayeteleza ukingoni huzama kwenye majimaji yaliyomo. Bara la Afrika halina Nepenthes ya asili, ila majirani zetu wa Bahari ya Hindi wanazo: Nepenthes madagascariensis huko Madagaska na Nepenthes pervillei huko Shelisheli. Kwa anayeanza napendelea Nepenthes ampullaria ya Asia ya Kusini-Mashariki, ambayo vikombe vyake hukaa wazi karibu na ardhi na kupata sehemu ya lishe kutoka kwenye majani makavu yanayodondoka. Iweke chini ya mwembe, mahali penye kivuli chepesi, na usiikalishe kwenye sahani ya maji, kwa kuwa mizizi yake hutaka unyevu pamoja na hewa.

Furaha yangu kubwa, lakini, ni Drosera, na hasa Drosera burmannii, kimmea kinachoweza kufunikwa na kifuniko cha chupa. Ukiinama asubuhi jua likiwa upande utaona kila jani limezungukwa na vinyweleo, na kila kinyweleo kimebeba tone la ute linalong'aa. Kijidudu kinachotua ukingoni hunata mguu mmoja, hujivuta, hunata wa pili, na ndani ya sekunde chache vile vinyweleo virefu vya pembeni hujikunja na kukisukuma katikati ya jani. Siku kadhaa baadaye hubaki ganda jeusi tupu. Darwin alitumia miaka mingi kuchunguza jamii hii ya mimea hadi alipochapisha matokeo yake mwaka 1875, na aliyewahi kuitazama kwa karibu hatashangaa.

Drosera hutaka kukalishwa kwenye maji ya kina cha sentimita 2 hivi, na hapo pana hatari isiyotajwa katika maelekezo yanayotoka nchi za baridi. Sahani hiyo ni mazalia ya mbu, katika jiji kama Dar es Salaam, ambalo limewahi kupata milipuko ya homa ya dengi. Maji yamwagwe na sahani isuguliwe angalau mara moja kwa wiki, kabla viluwiluwi havijakomaa. Anayenunua mmea huu akitumaini utamwondolea mbu chumbani bado anahitaji chandarua.

Kuna pia suala la mahali mmea unapotoka. Nepenthes zote pamoja na Dionaea zimo katika orodha za CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama wa porini, kwa hiyo kuziagiza nje kunahitaji vibali, mbali na kile cha afya ya mimea kutoka mamlaka husika, yaani TPHPA kwa Tanzania au KEPHIS kwa Kenya. North Carolina imefanya wizi wa Dionaea porini kuwa kosa kubwa la jinai tangu mwaka 2014. Kwetu ipo Drosera madagascariensis, inayokua kwenye ardhi ya majimaji katika sehemu nyingi za Afrika ya kitropiki, na ambayo huko Madagaska huvunwa porini kwa ajili ya dawa za kikohozi zinazouzwa Ulaya. Ukiikuta, ipige picha na uiache hapo ilipo. Hakuna sababu ya kuing'oa, kwa kuwa Drosera nyingi huzaa mbegu kwa wingi. Za burmannii mimi huzigawa bure kila zinapokomaa: hunyunyizwa juu ya pitimosi iliyolowa bila kufukiwa, maana zinahitaji mwanga ili ziote, kisha hufunikwa kwa plastiki angavu hadi vichipukizi vionekane.