Matanga ya Gari Hayana Arobaini

Mimi jamani misiba naijua. Nimebeba jeneza, nimechota maji, nimesugua masufuria ya pilau mpaka vidole vikakunjamana. Kwetu Tanga msiba una utaratibu wake: turubai linafungwa, mikeka inatandikwa, siku ya tatu matanga yanaanuliwa, ikifika arobaini inasomwa hitima, watu wanakula, kila mtu anarudi kwenye madeni yake. Sasa huku Lansing, Michigan, nimehamia jirani na msiba ulioanza tarehe 27 Aprili 2009, na mpaka leo turubai halijafunguliwa.

Na marehemu si mtu. Ni Pontiac, chapa ya magari ya kampuni ya General Motors.

Mfiwa ni mzee wa nyumba ya pili, mstaafu, mpole, ila ukimpa salamu tu umekwisha. Wanangu wanamwita Babu Kuku. Nimewakemea mpaka nimechoka, halafu siku hizi hata mimi namwita hivyohivyo nikiwa ndani. Mzee ana Pontiac Firebird Trans Am ya mwaka 1979, nyeusi, na boneti nzima imechorwa ndege wa rangi ya dhahabu aliyetanua mbawa. Waliomchora walisema ni ndege wa moto. Wamarekani wenyewe walipomwona wakamwita kuku anayepiga kelele. Mimi nimekulia uswahilini, kuku nawajua, na yule pale ni jogoo aliyefumaniwa jikoni.

Miezi ya baridi gari linalala chini ya turubai. Theluji ikiyeyuka, kila Jumamosi saa moja asubuhi mzee analifunua, analipangusa kwa kitambaa laini kuliko taulo zangu, analiwasha. Haendi popote. Anakaa tu anasikiliza. Injini ya lita 6.6! Hiace niliyokuwa napanda kwenda shule haikufikia hata nusu ya hiyo, na ilibeba watu 22, magunia ya mkaa na konda anayening'inia mlangoni. Hili linabeba mzee mmoja na huzuni yake, tena bila kufika hata getini. Vikombe vyangu vinacheza kabatini, mtoto mdogo anaamka analia, mke wangu ananigeukia kitandani kama vile mimi ndiye niliyeliunda: "Baba Salma, nenda kamwambie mwenzako."

Mwenzangu! Nikatoka siku hiyo nimejiandaa kusema neno. Nikamkuta kwenye kiti cha kukunja, macho mekundu. Kabla sijafungua mdomo akaanza kunisimulia kwamba marehemu mjomba wake aliwahi kuwa na mbuzi wa mwaka 1966, akamuuza kwa dola mia nne tu, na familia nzima haijapata amani tangu hapo.

Nikampa pole. Moyoni nikawa napiga hesabu: dola mia nne kwa mbuzi mmoja, mbona mjomba alifanya biashara nzuri? Nikamuuliza kwa adabu kama mbuzi huyo alikuwa wa maziwa au wa nyama.

Akanitazama kwa muda. Akasema alikuwa mwekundu na ana kabureta tatu.

Ndipo nikajua kila mtu anazungumzia mnyama wake. Kumbe mbuzi ni jina la utani la Pontiac GTO, na kumuuliza mzee yule GTO ni nini ni sawa na kumuuliza bibi yangu habari za miguu yake: vuta kiti. Nikaambiwa kwamba zamani General Motors walikuwa na sheria, gari la ukubwa wa kati lisibebe injini inayozidi inchi za ujazo 330. Kwa mwaka wa modeli wa 1964 mhandisi mkuu wa Pontiac, John DeLorean, na wenzake wakaichomeka ile ya 389 ndani ya gari la familia linaloitwa Tempest. Wakubwa wakiuliza, jibu lipo tayari: hili si gari jipya, bosi, ni nyongeza tu ambayo mteja akitaka analipia. Wallahi walistahili kuzaliwa Kariakoo. Herufi GTO zenyewe walizichukua kwa Ferrari bila hata kubisha hodi. Wakategemea kuuza 5,000, zikauzwa zaidi ya 32,000 mwaka huohuo wa kwanza. Mzee akifika hapo anasimama, anapandisha suruali, anapiga kofi hewani kama anayeona goli.

Halafu anakaa, maana baada ya hapo ni msiba. Mwaka 2009 General Motors ilikuwa hoi, serikali ikawapa pesa ikawaambia punguzeni watoto. Wakabaki na wanne: Chevrolet, Cadillac, GMC na Buick. Buick! Mzee hilo neno halitamki, analitema. Buick, gari la kwenda nalo kliniki, likaachwa hai kwa sababu Wachina wanalipenda, na Pontiac aliyezaliwa mwaka 1926 akafukiwa. Hapo mimi naweka mkono kifuani, natikisa kichwa, nasema ni mipango ya Mungu. Vikombe nimeshavisahau, saa tatu imefika, na nimetoka nyumbani na ndala kwenye baridi.

Ungekuwa msiba mmoja ningevumilia. Ng'ambo ya barabara yupo mama aliyefiwa na Oldsmobile, ndugu yake Pontiac hukohuko General Motors. Huyo usimchezee kabisa, kwa sababu Oldsmobile ni mzaliwa wa hapahapa Lansing, tangu mwaka 1897, na mama alifanya kazi kiwandani mpaka siku ya mwisho, tarehe 29 Aprili 2004. Ile Oldsmobile ya mwisho, aina ya Alero, wafanyakazi waliitia saini chini ya boneti, na mama anasema ya kwake iko kushoto. Sasa angalia kalenda. Tarehe 27 Aprili huyu analia, tarehe 29 Aprili yule analia. Katikati kuna tarehe 28, siku yangu moja ya kupumua, na huwa natumia kufua. (Kuna na kijana mmoja mtaa wa nyuma anayeomboleza Plymouth. Ana Road Runner yenye honi inayolia kama yule ndege wa katuni, na anasema kampuni ililipa dola 50,000 ili wapewe ruhusa ya ndege huyo. Hiyo honi nami naiombea mauti.)

Ungedhani wafiwa wawili wa ukoo mmoja watafarijiana. Thubutu. Mwaka jana mama alivuka barabara na bakuli la saladi ya viazi, akasimama mbele ya Trans Am, akasoma maandishi yaliyo kwenye lile tundu la hewa linalochomoza juu ya boneti. Kwa sauti. Halafu akacheka peke yake.

Mzee akanyamaza. Mimi nikauliza kuna nini, na hilo ndilo kosa la maisha yangu. Kumbe mwaka ule wa 1979 kulikuwa na injini mbili tofauti, zote zinaitwa 6.6. Gari likiandikwa "T/A 6.6", injini ni ya Pontiac yenyewe. Likiandikwa "6.6 LITRE", injini ni ya Oldsmobile. Na la mzee, jamani, limeandikwa "6.6 LITRE". Yaani Jumamosi zote zile, saa moja asubuhi, vikombe vinacheza, mtoto analia, anayenguruma pale si Pontiac. Ni marehemu wa mama wa ng'ambo.

Mama akasema taratibu, akipakua viazi: "Kuku ni wako, moyo ni wangu."

Mzee naye hakukubali kufa kinyonge. Akamkumbusha kwamba mwaka 1977 wateja wa Oldsmobile walifungua boneti za magari yao mapya wakakuta injini za Chevrolet, wakaenda mahakamani. Wakarushiana miaka na inchi za ujazo kama mawifi wanaorushiana mahari, mimi katikati na sahani ya viazi, naitikia huku na huku. Kumbe ukoo mzima wa General Motors ni nyumba ya kupanga: jina mlangoni la Juma, anayelala ndani Hamisi.

Mimi nilicheka ndanindani, lakini nilicheka kwa tahadhari. Maana nina siri.

Nilipofika huku sina hela, fundi mmoja wa Bukavu aliniuzia gari la mwaka 2005, dogo, buti kubwa, mshale mwekundu puani. Pontiac Vibe. Nikakunja uso, nikamwambia kaka, mimi gari za Kimarekani siziwezi, nitapata wapi spea? Fundi akafungua boneti, akanipiga bega: "Kaka, hii njo Corolla. Wameivalisha tu shati ya Pontiac." Na ni kweli tupu. General Motors na Toyota walikuwa na kiwanda chao cha shirika kule Fremont, California, na Vibe ilitokea pale, mifupa ya Corolla, injini ya Toyota ya lita 1.8. Mimi Mtanzania nimevuka bahari nzima kuja nchi ya magari, nikaishia kwenye Toyota.

Babu Kuku hajui. Au hataki kujua. Siku ya kwanza aliponiona naegesha Vibe alitoka mbio na slipa, akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema haamini kama mgeni kutoka Afrika naye ni mfiwa mwenzake. Ningefanya nini? Nikainamisha kichwa. Tangu hapo baridi ikija napigiwa koleo la theluji bure mbele ya mlango wangu, na pale kufuli la gereji lilipoganda alinifungulia yeye. Ukweli una gharama zake, na mimi nina watoto wanne.

Agosti mwaka huu nusura kiumane. Jumamosi ya tatu ya mwezi huo watu hufurika barabara ya Woodward, kutoka kaskazini ya Detroit mpaka mji wenyewe unaoitwa Pontiac, magari ya zamani yanatembea polepole na watu wamekaa pembeni na viti na masanduku ya barafu, wanapunga mikono. Yaani maulidi ya magari. Mzee alianza kujiandaa tangu Juni. Asubuhi yenyewe akageuza funguo, kimya. Panya alikuwa ametafuna nyaya majira ya baridi, chini ya turubai lilelile la heshima. Akakaa kwenye ngazi na kofia mkononi. Halafu akainua uso, akaangalia kwangu.

"Si tuna Pontiac nyingine?"

Basi tukaenda na Vibe. Nyuma kuna kiti cha mtoto na makombo ya maandazi, mbele nimening'iniza tasbihi, na katikati ya foleni ya Woodward mbele yangu kuna GTO, nyuma yangu kuna Barracuda, pembeni moshi na muziki, mimi kiyoyozi kimewashwa na Vibe inatembea kimya kama nesi wa zamu ya usiku. Watu hawakutupungia. Mtoto mmoja tu alipunga, nadhani alikuwa anafukuza nyuki. Lakini Babu Kuku alikaa wima njia nzima, kiwiko dirishani, na kila tulipoliona gari lenye mshale mwekundu alinyosha mkono akapiga honi yangu mwenyewe.

Usiku, roho inanisuta, nikampigia mdogo wangu Tabata nimweleze.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Hivi wewe siku hizi unaendesha gari gani?"

"Si ileile Voltz yangu."

Nikakaa kitandani. Toyota Voltz! Ni hiihii Vibe, imetoka kiwanda hikihiki cha Fremont, ila usukani ukahamishiwa kulia, wakaibandika nembo ya Toyota, ikauzwa Japani kuanzia 2002 mpaka 2004. Wajapani hawakuipenda. Ikaletwa Dar mtumba. Yaani dogo na mimi tumeachana Tanga miaka kumi na mbili iliyopita, halafu tukanunua mapacha bila kuambizana.

Furaha ikanizidi akili. Asubuhi nikamwambia mzee kwamba mdogo wangu naye ana Pontiac, iko Dar es Salaam, inatembea kila siku kwenda Kariakoo. Mzee alinyamaza. Akavua miwani, akaifuta kwa kile kitambaa cha kuku. Akasema anaomba picha.

Picha! Nikampigia dogo tena, nikamwambia osha gari, piga picha kwa mbele, lakini usimame mbele ya nembo. Akasema kaka nisimameje. Nikamwambia egemea, kaa, weka makalio, ilimradi ile nembo isionekane. Ikaja picha nzuri sana, mnazi nyuma, dogo kajipachika mbele ya boneti na tabasamu la mtu aliyeungua, maana alipiga saa saba mchana na bati lilikuwa la moto.

Mzee kaichapisha kubwa, kaitia fremu, kaitundika gerejini juu ya Trans Am. Kila Jumamosi ananiuliza yule wa Afrika anaendeleaje. Namwambia mzima, anasalimia. Jana mama wa Oldsmobile alivuka barabara, akasimama mbele ya ile fremu, akavaa miwani. Akanigeukia mimi, si mzee, akaniuliza kwa nini huyu kijana amekaa hapo na usukani uko kulia.